Boksi jipya, kipande hakipo: nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Naandika kutoka Mwanza. Baba watoto alikuwa Dar es Salaam kikazi, akamnunulia mwanetu seti ya LEGO, vile vitofali vya plastiki vya kuunganisha, ya gari la zimamoto kwa sababu ametimiza miaka saba. Boksi lilikuwa jipya, limefungwa vizuri. Jumamosi usiku nikakaa na mwanangu mkekani tukaanza kujenga, tukafika hatua ya 52. Kijitabu kinataka vipande viwili vyeusi, vyembamba, vya vinundu viwili viwili, yaani vile vijivimbe vya juu vinavyoshikana na kipande kingine. Sisi tunacho kimoja tu. Tumetafuta mpaka chini ya friji. Mtoto amelia mpaka akapitiwa na usingizi, na tangu siku hiyo hataki hata kuligusa lile gari. Nimepiga simu dukani, wanasema boksi likishafunguliwa hawalipokei, na kweli kwenye risiti wameandika "mali ikiuzwa hairudishwi". Ninunue seti nyingine? Halafu nina mdogo wake wa mwaka na nusu, naye alikuwa anazungukazunguka hapo hapo tulipokuwa tunajenga.

JIBU: Nzuri, dada yangu, na pole kwa usiku huo. Usinunue seti nyingine. Ila kabla ya gari, tuanze na huyo mdogo uliyemtaja mwishoni, maana gari linaweza kusubiri.

Kipande unachokitafuta kina urefu wa milimita 16 na upana wa milimita 8. Wanaopima usalama wa vitu vya kuchezea wana kikopo maalumu chenye kipenyo cha milimita 31.7, na chochote kinachozama chote ndani yake hakitakiwi kufika mikononi mwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa sababu kinaweza kumkaba. Chako kinazama na nafasi inabaki. Kwa hiyo kumbuka vizuri: tangu Jumamosi, amewahi kupaliwa na kukohoa ghafla? Anapumua kwa mluzi? Anatokwa udenda kuliko kawaida yake, au anakataa chakula? Ukiona hata dalili moja, mpeleke hospitali leo hii, hata kama sasa hivi anacheza. Na ukienda, beba kile kipande kimoja mlichobaki nacho. Plastiki ya namna hii haionekani vizuri kwenye eksirei, kwa hiyo daktari akikishika pacha wake mkononi atajua anatafuta kitu cha umbo gani na ukubwa gani.

Kama hana dalili yoyote, tulia. Kipande laini cha plastiki kikishafika tumboni kwa kawaida hutoka na choo. Mwaka 2018 ilichapishwa taarifa ya madaktari sita wa watoto, wa Australia na Uingereza, ambao kila mmoja alimeza kichwa cha kisanamu cha LEGO kisha akakifuatilia chooni. Watano walikiona kikitoka, kwa wastani wa siku 1.71. Wa sita hakukiona kabisa. Wale walikuwa watu wazima, kwa hiyo usilichukue jaribio lao kama ruhusa ya kuacha vipande sakafuni. Nimelitaja ili upate usingizi.

Kitu kimoja tu hakina kusubiri hata saa moja. Seti nyingine za magari zina taa au king'ora kinachotumia betri ndogo ya duara, ile inayofanana na sarafu. Betri hiyo ikikwama kooni mwa mtoto inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa 2. Mtu akikosa betri ya namna hiyo, au sumaku ndogo mbili tatu, na nyumbani kuna mtoto anayetambaa au anayejifunza kutembea, asianze kupekua mazulia. Aende hospitali kwanza, apekue baadaye.

Sasa tuje kwenye gari.

Nimefundisha watoto kujenga kwa miaka kumi na moja, na machozi ya hatua ya hamsini na kitu nayafahamu vizuri. Nakwambia kwa uzoefu huo kwamba mara nyingi kipande kinachosemwa hakipo, kipo. Miaka ya mwanzo sikuliamini hilo. Niliwahi kununua seti ya kreni kwa ajili ya klabu, nikakosa pini mbili, nikarudi dukani kwa hasira na kumsema muuzaji mbele ya wateja wake. Yule kijana alinisikiliza tu, hakujibu kitu. Kesho yake mtoto mmoja wa darasa la pili akaniletea zile pini. Zilikuwa zimenasa kwenye kona ya mfuko wa plastiki niliokuwa nimeutupa mwenyewe. Nilirudi kumwomba radhi, na mpaka leo nikipita pale naona aibu. Tangu hapo nina utaratibu, na ndio ninaotaka mfuate wewe na mwanao kabla hamjamwandikia mtu yeyote.

Kwanza fanyeni mchana, karibu na dirisha. Umesema mlijenga usiku. Kwenye seti hizi kuna rangi nyeusi na kuna kijivu kilichokolea, na chini ya balbu ya manjano mtu mzima mwenye macho mazuri anaweza kushindwa kuzitofautisha. Kijitabu nacho hakisaidii sana, kwa sababu kipande cheusi hakichorwi cheusi tititi. Wanakipa mistari myeupe pembezoni ili kingo zionekane, na kwa mtu mwenye haraka hugeuka kuwa kijivu. Nina wasiwasi mkubwa kwamba huko nyuma, labda hatua ya 30 au 40, paliandikwa kijivu mkaweka cheusi.

Mtajuaje? Tazameni vilivyobaki. Hili ndilo jambo ninalowarudia wanafunzi wangu kila wiki: kilichobaki humtaja kilichopotea. Kama mmebadilisha rangi, basi mahali fulani kwenye mkeka kuna kipande chembamba cha kijivu, umbo lile lile, ambacho hakijaitwa na hatua yoyote. Kama mlitumia viwili palipotakiwa kimoja, labda mmebaki na kirefu cha vinundu vinne ambacho hakina kazi, kwa sababu viwili vifupi vikikaa sambamba vinaziba nafasi yake bila mtu kugundua. Kosa hili la pili ndilo ninaloliona zaidi kwa watoto wa miaka sita na saba, na si uzembe wao. Gari linaonekana sawasawa kabisa mpaka hatua nyingine inapodai deni.

Kwa hiyo mwagieni vilivyobaki vyote kwenye sinia kubwa, lile la pilau. Sinia lina ukingo, vipande havitoroki, na chuma kinapiga kelele kitu kikidondoka. Fungueni kurasa za mwisho za kijitabu. Pale pamechorwa kila kipande cha seti nzima, chini yake idadi, na chini ya idadi namba ndogo. Kitafuteni hicho cheusi chembamba mwone vinatakiwa vingapi kwa jumla. Tuseme imeandikwa sita. Sasa rudini hatua ya kwanza na mpe mwanao kazi ya kuvihesabu vilivyokwisha kukaa garini, kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, wewe ukisoma kijitabu na yeye akitazama gari. Mkipata vitano garini na kimoja mkononi, vyote sita vipo, na kimoja kimekaa pasipo pake. Mkipata vinne garini na kimoja mkononi, na hakuna hatua ya mbele inayokitaka, hapo kweli kimepungua.

Wakati mnahesabu, geuzeni kila kipande kilicho huru. Vipande vyembamba hupenda kung'ang'ania mgongoni mwa vingine, vyeusi juu ya vyeusi, vikaonekana kimoja kinene. Kisha mifuko: msiitupe, ipapaseni kona zote kwa vidole, kwa sababu plastiki kavu huvuta vitu vidogo na kuvishikilia. Ndani ya mfuko mkubwa wakati mwingine kuna kifuko kidogo kingine cha vitu vidogo vidogo, na watu hukisahau bila kukifungua. Tazameni namba za mifuko pia. Kama hatua ya 52 iko kwenye mfuko namba 3 na ninyi mmefungua wa 1 na wa 2 tu, basi hamjakosa kitu. Boksi lenyewe nalo lina mikunjo chini, mle hulala vipande vikubwa visivyokuwa na mfuko, karatasi ya stika, na mara nyingine kipande kidogo kilichoponyoka kiwandani.

Baada ya hapo ndipo sakafu. Zimeni taa, washeni tochi ya simu, ilazeni simu sakafuni ili mwanga uende sambamba na sakafu. Kila kinachosimama, hata milimita tatu, kitatupa kivuli kirefu. Kung'uteni mkeka nje, juu ya shuka jeupe. Na muulize anayefagia nyumbani, kwa upole, kama alimwaga taka asubuhi ya Jumapili.

Kama mmefanya yote hayo na hesabu bado inagoma, basi kiwanda kimekosea, na ni vizuri ujue inakuwaje ili usijione umedhulumiwa makusudi. Vipande haviwekwi kwenye mfuko na mtu anayehesabu kwa kidole. Mashine huvihesabu na kuvimwaga, halafu mfuko hupimwa uzito. Ukipungua tofali kubwa la vinundu vinane, ambalo lina gramu mbili na kidogo, mzani unapiga kelele. Lakini chako kina chini ya nusu gramu, na vile vya kinundu kimoja ni vyepesi zaidi. Tofauti ndogo kama hiyo inaweza kumezwa na tofauti za kawaida za mfuko wenyewe. Ndiyo maana kwenye vipande vidogo kabisa kiwanda huongeza kimoja cha ziada. Mkimaliza gari mtabaki na vitu vidogo kadhaa, usidhani mmeruka hatua, ni spea. Kipande cha vinundu viwili kwa kawaida hakipewi spea, na hapo ndipo bahati mbaya yenu ilipolalia.

Sasa nikupe silaha ya kazi hii, nayo ni namba. Ile namba ndogo chini ya picha, kwenye kurasa za mwisho za kijitabu, yenye tarakimu 6 au 7, ni jina la kipande hicho kwa umbo na rangi yake pamoja. Tofali la vinundu vinane lina namba ya umbo 3001. Likiwa jekundu linaitwa 300121, likiwa jeusi 300126. Kipande chembamba cha vinundu viwili ni 3023, na cheusi ni 302326. Ukiwa na namba hiyo huhitaji kueleza kwa mtu "kile cheusi chembamba cha vinundu viwili". Unaandika namba, mtu aliye Denmark, Mombasa au Muscat anajua unasema nini. Nimeona wazazi wakituma picha kumi za simu zenye giza na wakakosa jibu, wakati tarakimu sita zingetosha.

Watengenezaji wana huduma ya kupeleka vipande vilivyokosekana kwenye seti mpya, na hawatozi pesa. Iko kwenye tovuti yao, upande wa huduma kwa wateja. Utaulizwa namba ya seti, ambayo imeandikwa kwenye boksi na kwenye jalada la kijitabu. Ukiiingiza zinatokea picha za vipande vyote, unachagua chako, unasema ni vingapi, kisha jina na anwani. Jaza wewe mwenyewe, si mtoto. Usitupe boksi mpaka kipande kifike, kwa sababu wanaweza kukuomba msimbo mdogo uliochapwa pale lilipofungwa. Kwenye anwani weka S.L.P. na namba ya simu, maana bahasha ndogo isiyo na simu inaweza kulala posta mwezi mzima bila mtu kukuambia. Ukiona nchi yetu haimo kwenye orodha ya fomu, usiishie hapo. Waandikie watu wa huduma kwa wateja moja kwa moja ueleze, au tumia anwani ya ndugu aliye Ulaya au Ghuba. Kipande chenyewe kinaenea ndani ya bahasha ya barua na ndugu anaweza kukibeba kwenye pochi akija likizo.

Kuna njia ya pili, ya kununua kipande kimoja kimoja. Soko kubwa la vipande vya namna hiyo mtandaoni ni BrickLink, lililoanza mwaka 2000 na kununuliwa na kampuni ya LEGO yenyewe mwaka 2019. Mle utapata 3023 nyeusi kwa bei ndogo mno, lakini nauli itazidi bei ya kipande mara nyingi. Inafaa tu kama klabu, shule au familia kadhaa mnaagiza pamoja. Angalia pia kwamba majina ya rangi kule si yale yale ya kiwandani, kwa hiyo linganisha kwa picha.

Kuhusu duka. Hapa naomba nisimame upande wako waziwazi. Kumwambia mtu kwamba boksi likifunguliwa halirudi, wakati upungufu wa ndani hauwezi kuonekana bila kulifungua, ni kumfungia mteja mlango na kumwambia apite dirishani. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Boksi lina picha ya gari zima na, kama imeandikwa, idadi ya vipande. Hayo ni maelezo. Na malalamiko ya mlaji yana pa kwenda, yaani Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kwa wasomaji wa Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili. Kwa hiyo piga simu tena, safari hii ukiwa na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) mkononi, namba ya seti na namba ya kipande, na usiombe kurudishiwa pesa. Waombe wakusaidie kupata kipande kimoja. Nimeona maduka mengi yakilegea hapo, hasa yale yenye boksi la maonyesho lililokwisha kufunguliwa. Ila kwa haki zote hizo, kusafirisha kesi ya kipande cha nusu gramu kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam sikushauri. Ingekuwa umekosa mfuko mzima, au umekuta boksi limefungwa upya kwa selotepu na mifuko ya ndani imekatwa, ningekuambia upambane mpaka mwisho, maana hapo hujauziwa kitu kipya.

Swali ambalo hukuniuliza, lakini lazima niliweke: je, ni LEGO kweli? Chukua kipande chochote, tazama juu ya kinundu kwa mwanga mzuri. Kila kinundu kina neno LEGO limechongwa. Kama halipo, watengenezaji hawatakusaidia, na si haki kuwalaumu. Kuna makundi mawili hapa na watu huyachanganya. Haki ya kipekee ya kutengeneza tofali la msingi ilikwisha muda wake zamani, na mwaka 2010 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya ilikataa umbo la tofali lisajiliwe kama alama ya biashara. Kwa hiyo kampuni nyingine zinatengeneza vitofali vinavyoingiliana na hivyo kwa jina lao wenyewe, na ni halali. Ndani ya boksi zao nyingi kuna kijikadi chenye mawasiliano ya kuagizia vilivyopungua. Kundi la pili ni la kunakili seti nzima, picha ya boksi na kila kitu. Lepin ndilo jina lililojulikana zaidi, mpaka polisi wa Shanghai walipovamia kiwanda chao mwaka 2019. Ukinunua feki ya namna hiyo, upungufu wake ni wako peke yako.

Sasa habari njema ya vile halali: ukubwa ni ule ule. Kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8. Tofali lililosajiliwa Denmark tarehe 28 Januari 1958 linaingiliana na la leo. Kwa hiyo kitofali cheusi kutoka kwenye seti ya bei nafuu ya Kariakoo, au kutoka kwenye ndoo ya vitofali vya mtoto wa jirani aliyekua, kitakaa hapo kwenye hatua ya 52. Kitakuwa kimelegea kidogo au kimebana kidogo, rangi inaweza kung'aa tofauti. Ndani ya gari nani atakiona?

Na hapa ndipo ninapotaka mwanao arudi kazini, kesho hiyo hiyo, bila kusubiri bahasha ya mtu. Klabuni tunaita kazi hii kuhamisha pengo. Kipande cha hatua ya 52 kipo karibu na moyo wa gari, bila shaka kinashika vitu viwili pamoja, na ndiyo maana hamuwezi kuendelea. Lakini mbele huko, kwenye mfuko wa mwisho, kuna vipande vyeusi vya umbo hilo hilo ambavyo ni vya urembo tu: chini ya taa ya nyuma, pembeni ya ngazi, nyuma ya bampa. Fungueni mfuko huo sasa, mkope kimoja, mkiweke pale kazi ilipo nzito. Gari litaendelea mpaka mwisho, na pengo litabaki kwenye kona ambayo haivunji kitu. Mwache mwanao achague kona hiyo. Mtoto aliyechagua mwenyewe pengo likae wapi halilii tena; nimeliona hilo kwa watoto wengi kiasi kwamba silitilii shaka.

Njia nyingine ni kuweka rangi tofauti mahali palipofunikwa. Kama kuna kipande cheusi ndani ya injini kitakachofunikwa na bodi nyekundu, kitoeni, wekeni chochote cha umbo hilo, cha kijani hata, kisha cheusi kipelekwe nje kinakotakiwa. Hesabu inayosaidia ni hii: vipande vyembamba vitatu vikipandana ni sawa na tofali moja kwa kimo, kwa sababu milimita 3.2 mara tatu ni 9.6. Ukikuta mahali vitatu vyembamba vimepandana bila kushika majirani, weka tofali moja, umeokoa vitatu. Lakini usijaribu kubadilisha kimoja cha vinundu viwili kwa viwili vya kinundu kimoja palipo na kazi ya kuunganisha. Vitaziba shimo lakini havitashika kushoto na kulia, na gari litafunguka katikati siku ya kwanza litakapoanguka kochini. Wala usitumie supagluu. Gundi hiyo hushika moja kwa moja, na kipande halisi kikija hutaweza kukitoa kile cha muda.

Utotoni tulicheza bao la kete 64, na komwe ikipotea tulikwenda kuokota nyingine mchangani, mchezo ukaendelea jioni ile ile. Vitofali hivi vina umbo kali zaidi na namba zake, lakini mkono wa mtoto ni ule ule, unataka kuendelea leo.

Mara nyingine mkinunua seti, piga picha boksi likiwa halijafunguliwa, pande zote, na nyingine mifuko ikiwa mizima juu ya meza. Fungueni mfuko mmoja kwa wakati, kwenye sinia, mkiwa mezani badala ya mkekani, na huyo mdogo akiwa amelala au amebebwa. Mifuko mitupu iwekeni ndani ya boksi mpaka siku gari litakapokamilika.

Kwa sasa, rudini hatua ya 30 mchana, mkitafuta cha kijivu kilichobaki. Hatua ya 52 ikigoma tena, nitumie namba ya seti na picha ya sinia lenye vilivyobaki, iliyopigwa kwenye mwanga wa jua, nami nitakuonyesha kipande cha kukopa kiko ukurasa gani.